Wimbo wa Pili, Ubeti wa Nne

Asifiwe Bwana, anayeulinda moyo wangu wenye vali ya bandia na kuuvumilia ujinga wangu.

Mimi hunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Kila Jumapili asubuhi najidunga kidole hapa nyumbani Silanga, natia tone kwenye kimashine, kisha namtumia nesi wangu wa Kawangware namba inayotokea. Ikiwa kati ya mbili na tatu, niko salama. Ikipanda sana, naweza kuvuja damu hadi nife. Asubuhi hiyohiyo, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, namtumia Mama Rispa wa kwaya namba ya wimbo.

Jumapili iliyopita damu ilisoma 2.4. Wimbo ulikuwa wa nane. Nikatuma zote mbili, nikafunga tai.

Kanisani kwaya iliimba wimbo wa pili, ubeti wa nne peke yake, mara tatu. Nikamshukuru Roho kwa kutuletea jambo jipya, nikasimama kuhubiri juu ya uaminifu katika mambo madogo.

Nesi akaingia mbio, kofia ya bodaboda ingali kichwani.

"Mzee, tulia hapo hapo! Hata usijikune! Damu yako imefika nane!"

Waumini wakanilaza kwenye benchi. Mmoja tayari alikuwa akiniombea safari njema. Mama Rispa akachungulia simu yake.

"Sasa Mzee, hii 2.4 tumeimba ilikuwa ya nini?"

"Ni damu yangu, Mama," nikajibu nikitazama mabati. "Mmeiimba vizuri sana."

Nawe unayesoma, Mungu akupe damu tulivu, na akukumbushe kusoma jina kabla ya kutuma.