Gari la Kumshusha Wifi

Mkunga alikuwa amefura tangu asubuhi, na aliyemfurisha ni dalali wa magari. Yeye ndiye dereva, ndiye mnunuzi, lakini kila jibu dalali alimpa mume wake, mtu ambaye hata pikipiki hajawahi kuiwasha.

"Mzee, hili jipyajipya lina kamera ya nyuma. Viti vya ngozi. Unabonyeza kitufe tu, magurudumu yote manne yanavuta."

"Ongea na mimi," mkunga akasema. "Huyu nimekuja naye kwa mapenzi tu."

Mume akacheka. Ameshaingia ndani, anapapasa viti, moyo umeshaondoka. Mkunga alilitaka lile kuukuu la pembeni, lenye kigia kifupi sakafuni cha kuunganisha magurudumu yote manne, lisilo na kompyuta ya kuzira katikati ya tope. Mke wa mdogo wake alikuwa na mimba kubwa, na nyumba yao iko juu ya kilima ambako mvua ikinyesha gari la kawaida halifiki. Mimba ya kwanza walimshusha kwa machela, wakachelewa, mtoto akafia njiani mikononi mwa mkunga mwenyewe. Tangu siku hiyo haitaji barabara ile bila kuitukana.

Na lile kuukuu lilisifiwa na mdogo wake huyo huyo, ambaye ni fundi. "Dada, hicho ndicho chuma. Nimelishika kwa mikono yangu. Funga macho ununue."

Mkunga hakufunga macho. Aliyapeleka magari yote mawili kwenye mteremko wa tope nyuma ya yadi. Lile jipyajipya lilifika nusu, taa za dashibodi zikawaka zote, likagoma.

"Sensa tu hiyo, mzee," dalali akamwambia mume.

Mkunga akapanda lile kuukuu, akavuta kigia kifupi. Magurudumu ya nyuma yakachimba tope. Ya mbele yakatulia tuli, kama hayakuambiwa kitu. Mkunga akashuka, akalala chali topeni na gauni lake la kazi, akachungulia. Propela, chuma kirefu cha kupeleka nguvu magurudumu ya mbele, haikuwepo. Alichoona ni majani upande wa pili.

"Imekwenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza dalali akamjibu yeye. "Fundi wetu huzitoa, mama. Gari linakula mafuta kidogo, na watu wa lami hawajui tofauti. Kwani si yule ndugu yako?"

Ewaa! Mkunga hakungoja mume afunge mlango. Karakana ya mdogo wake iko ng'ambo ya barabara, banda la turubai limejaa wateja.

"Propela ya lile gari iko wapi?"

Macho ya fundi yalimsaliti. Yalikwenda kwenye nguzo ya chuma iliyoshikilia turubai lake. Ndiyo yenyewe, na viungo vyake vyote.

"Dada, ni mazoea tu. Nazitoa kila gari. Sikuwaza."

"Hukuwaza! Aliyekuwa alale kiti cha nyuma ni mkeo, mpumbavu we! Unataka nikupokelee maiti ngapi?"

Akaikumbatia nguzo, akaing'oa. Turubai likashuka na maji yote ya mvua ya jana, likamlowesha fundi, wateja, na mume aliyekuwa ndiyo kwanza anafika. Hakuna aliyecheka.

"Kaifunge."

Fundi akaifunga. Safari hii lile kuukuu likapanda mteremko, mkunga akalinunua, wakaenda nalo moja kwa moja kilimani, yeye, mumewe na fundi. Likapanda tope lote bila kusita.

Wifi akatoka mlangoni na tumbo lake, uso umechanua. "Wifi, jamani, gari! Nani kakuchagulia?"

Mkunga alikuwa na jibu lake mdomoni, zima, lenye makali. Akamwangalia mdogo wake, bado amelowa. Akalimeza.

"Mumeo."

Wifi akamrukia mumewe shingoni, anamshukuru. Fundi akaangua kilio, na mkewe akamfuta machozi huku anacheka, akidhani ni ya furaha.