Kiti cha Kupita Mlangoni

Katika nyumba yao ya Kimumu, Eldoret, gorofa ya tatu, Tryphosa Nabalayo alikuwa na stuli nne za plastiki, mkeka mmoja, meko ya gesi na godoro. Kitanda hakuwa nacho. Nguo zake, za mume wake Byron na za binti yao Brigid wa miezi minane zilikaa ndani ya mabegi matatu ya zipu, yamepangwa karibu na mlango. Majirani walidhani ni umaskini. Haukuwa umaskini. Tryphosa alikuwa karani katika duka la mbolea na dawa za mifugo mjini, na Byron alikuwa fundi wa stima ambaye simu yake haikunyamaza. Lakini kila Byron alipotaja kununua viti, Tryphosa aligeuza mazungumzo.

Mwezi wa sita mwaka 2022, baba yake, Mzee Wepukhulu, alianza kliniki ya magoti hapa Eldoret. Kila wiki ya pili, siku ya Jumamosi, alitoka Kiminini alfajiri, akaonwa na daktari, kisha akapanda ngazi polepole hadi kwa binti yake apumzike kabla ya kurudi. Mila haikumruhusu kulala kwa mkwe, ila kupumzika mchana hakukuwa na neno. Shida ilikuwa pa kupumzikia. Siku ya kwanza aliketi kwenye stuli, magoti yamepanda juu kama ya panzi, na alipotaka kusimama hakuweza. Byron alimshika mkono mmoja, Tryphosa mwingine, wakamvuta. Mzee alicheka, lakini jasho lilikuwa limemtoka usoni.

"Hii ni aibu," Byron alisema mzee alipoondoka. "Babako anakalia stuli kama ya mama mboga. Tununue kiti."

"Tutanunua baada ya uchaguzi."

"Uchaguzi na kiti zinahusiana wapi?"

"Si unaona nyumba ni ndogo," Tryphosa akajibu, akamchukua mtoto na kuingia chumbani.

Nyumba ilikuwa ndogo kweli. Sebule ilikuwa hatua nne kwa tano. Mlango wa chuma ulifunguka kwa ndani, na nje yake palikuwa na ujia mwembamba uliokata kona ghafla kuelekea ngazini. Madirisha yote yalikuwa na vyuma. Vipimo vya ule mlango Tryphosa alivijua kwa kichwa, kwa sababu wiki waliyohamia aliupima kwa tepu kabla hata ya kufagia. Sababu ya kuupima hakumwambia Byron.

Byron alijua kwamba mke wake alikulia Burnt Forest na kwamba mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, familia yao ilitoroka. Watu wengi wana hadithi kama hiyo. Habari ya kiti hakuijua.

Wakati ule Mzee Wepukhulu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Kwa mbao alizopewa kidogo kidogo, alimleta fundi akamtengenezea seti ya viti vya watu saba, ya kitambaa chekundu. Mlango wa nyumba ulikuwa mwembamba, kwa hiyo fundi aliviunda viti vile humo humo ndani. Watu walikuja kuviangalia. Watoto walikatazwa kuvikalia wakiwa na viatu.

Moshi ulipoanza kuonekana upande wa pili wa bonde, jirani mwenye lori aliwaambia wapande na walichoweza kubeba. Mama yake Tryphosa alisema waende hivyo hivyo. Baba akasema hawezi kuacha jasho lake lichomwe. Akashika upande mmoja wa kile kiti kirefu, jirani akashika mwingine, wakakivuta mlangoni kutoka nje. Kikatoka nusu, kikakwama. Baba na jirani walikuwa nje. Mama na watoto watatu walikuwa ndani. Tryphosa, wa miaka kumi na mmoja, aliona mwanga wa nje ukibaki kipande kidogo juu ya mgongo wa kiti.

"Kata!" mama alipiga kelele. "Panga iko hapo nje ukutani, Wepukhulu! Kata hiyo kitu!"

Baba hakukata. Alivuta, akasukuma, akavuta tena. Kelele za watu zilikuwa zinakaribia. Jirani akaacha, lori likaondoka. Mwishowe alivunja dirisha kwa jiwe, akawatoa mmoja mmoja, na kioo kikamchana Tryphosa kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Walikimbia katikati ya mabua ya mahindi hadi kanisani. Huku nyuma nyumba iliwaka, kiti kikiwa bado kimeziba mlango.

Hakuna aliyekufa kwao. Pale kanisani walilala karibu na watu waliopoteza waume na watoto, na mbele ya watu hao nani angefungua mdomo aseme habari ya kiti? Hawakuisema, na walivyozoea kutoisema ikabaki hivyo.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa sita mchana, Tryphosa alikuwa nyumbani. Maharagwe yalikuwa kwenye meko, Brigid anatambaa mkekani. Alisikia watu wakipanda ngazi, wakihema na kuelekezana: "Inua upande wako! Pole pole! Geuza!" Kisha sauti ya Byron, imejaa furaha: "Mama Brigid, fungua! Tumekuletea kitu!"

Alifungua. Kabla hajaona mtu, aliona mgongo wa sofa, wa rangi ya kahawia, mnene kama ng'ombe, ukija moja kwa moja mlangoni.

Kontrakta aliyempa Byron kazi alikuwa anahamia Nairobi na alikuwa amemwachia sofa yake ya kona. Byron, akijua siku hiyo mzee ana kliniki, alipanga kumfurahisha binti na baba kwa pamoja. Alitafuta wabebaji wawili, akampitia mzee hospitalini, wakaja wote. Hakupima chochote. Kitu chenye sponji, alifikiri, kitajikunja.

"Byron, ngoja," Tryphosa alisema. "Ngoja, hiyo haiwezi—"

Walikuwa tayari wameipa nguvu. Sofa iliingia kwa kishindo, ikamsukuma nyuma, mkono mmoja wa sofa ukanasa kwenye komeo la mlango wa chuma, mwingine ukabana ukutani kwenye ile kona ya ujia. Ikasimama. Wabebaji walivuta. Haikurudi. Walisukuma. Haikuja. Mwanga wa nje ulibaki kipande kidogo juu.

Tryphosa alisikia masikio yake yakiziba. Alimnyakua Brigid mkekani akamkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalia. Alikwenda dirishani, akashika vyuma, akavitikisa. Chini aliona kamba za nguo na kuku wa mwenye ploti, mbali sana. Alirudi mlangoni. Akarudi tena dirishani.

"Toeni!" alisema, lakini sauti ilitoka ndogo. "Toeni hiyo kitu! Toeni!"

"Relax, babe, ni dakika mbili tu," Byron alijibu kutoka nje, akihema. "Tunaigeuza kidogo hivi."

Ndipo Tryphosa akasikia harufu ya kuungua. Nyuma yake moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mtoto kifuani. Alijua kuna jambo la kufanya lakini hakujua ni lipi. Alichokiona mbele yake ni kitambaa chekundu, ingawa sofa ile ilikuwa ya kahawia.

Nje, Mzee Wepukhulu alikuwa ndio kwanza anamaliza ngazi, akishikilia ukuta. Jirani yao, Mama Jeruto, alikuwa ametoka kuangalia kelele ni za nini. Mzee aliona sofa mlangoni, akasikia mtoto akilia kwa ndani na binti yake akisema "toeni, toeni" kwa sauti ile ile ya utoto. Mama Jeruto alisimulia baadaye kwamba uso wa mzee ulibadilika rangi, akadhani magoti yamemshinda.

Mzee aliwasukuma wabebaji, akaweka mdomo kwenye ule mwanya.

"Tryphosa. Mama. Ni mimi."

Akatega sikio.

"Hakuna moto huku nje. Hakuna watu wanakuja. Unanisikia? Hiyo moshi ni ya chakula yako. Simama uzime meko. Usifanye kitu ingine. Meko tu."

Halafu kidude cha meko kikalia: tik. "Nimezima, Baba."

"Sawa. Sasa keti mbali na mlango." Mzee akamgeukia mkwe wake. "Uko na msumeno kwa hiyo begi ya kazi?"

"Iko, Mzee, lakini hii kiti bado mpya. Tukiitoa komeo kwanza, tuisukume—"

"Kata."

"Mzee—"

"Kata mkono ya hiyo kiti, Byron. Sasa hivi. Mimi sikukata, na sitangoja mara ya pili."

Byron hakuelewa maneno hayo, lakini alimwangalia mzee machoni akafungua begi. Alipasua kitambaa, sponji ikamwagika, akaanza kukata mbao. Ilichukua dakika chache. Mkono wa sofa ulipoanguka, wabebaji walivuta mara moja na kitu chote kikarudi nyuma kwenye ujia. Mlango ukawa wazi. Tryphosa alitoka na mtoto, akapita katikati yao bila kumwangalia mtu, akashuka ngazi zote hadi nje barabarani. Alisimama hapo juani, bila viatu.

Baba yake alimfuata, ngazi moja baada ya nyingine. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika alimpokea mtoto.

"Mama yako aliniambia nikate," alisema. "Alikufa akijua nilisikia."

Tryphosa alilia. Mzee alisimama kando yake, akimshikia mtoto. Siku hiyo, juu, ndipo Byron alipoambiwa yote. Alikaa kwenye stuli, kichwa chini. "Ungeniambia," alisema. Halafu akasema, "La, mimi ndio ningeuliza." Sofa ya kona ilichukuliwa na Mama Jeruto hivyo hivyo bila mkono, akaiweka chini kwenye kibanda chake cha chai.

Lakini mzee bado alihitaji pa kukaa, na yeye ndiye aliyesisitiza wanunue kiti. Kliniki iliyofuata walienda wote hadi kwenye mabanda ya mafundi wa viti kando ya barabara. Tryphosa alibeba tepu na karatasi: upana wa mlango, upana wa ujia, kona ya ngazi. Fundi mmoja, Kipyego, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliichukua karatasi akaisoma kwa makini.

"Wengi wanakuja wakipima sebule peke yake," alisema. "Wanasahau ngazi. Kwa nyumba kama hii usichukue mikono minene, inakula nafasi. Chukua ya watu wawili, miguu mirefu ndio ufagie chini, mgongo unatoka kwa bolti."

"Unatoka kwa haraka?" Tryphosa aliuliza.

"Bolti nne."

"Fungua nione."

Kipyego alifungua. Tryphosa alihesabu kimoyomoyo. Akaomba Byron ashike upande mmoja na yeye mwingine, wakakibeba kuzunguka banda. Akaomba wakizungushe tena, kwa kasi. Wateja wengine walikuwa wanacheka.

"Madam, unataka kukaa ama unataka kukimbia nayo?" Kipyego aliuliza.

Mzee Wepukhulu ndiye aliyejibu. "Tulikuwa Burnt Forest, elfu mbili na nane. Kiti ilikwama kwa mlango, watoto wakiwa ndani."

Kicheko kilikatika. Kipyego aliweka spana chini. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nilikuwa Ainabkoi mwaka huo," alisema. "Nilikuwa form two."

Ainabkoi iko karibu na Burnt Forest, na vijana wa umri wake walikuwamo kati ya waliochoma nyumba. Tryphosa alitaka kuuliza, na aliogopa kuuliza, na aliona kwamba Kipyego pia anaogopa kuulizwa. Walisimama hivyo, ile sofa ndogo ya kijivu katikati yao. Angeweza kwenda banda la pili. Aliangalia magoti ya baba yake.

"Tutachukua hii," alisema.

Sofa ilipita mlangoni vipande viwili, na Kipyego mwenyewe alikuja kufunga bolti. Alifanya kazi kimya. Alipomaliza aliitikisa mara mbili kuhakikisha, akakataa chai, akaondoka. Mzee aliketi, akanyoosha miguu, akasimama bila kushikwa, akaketi tena. Brigid alijivuta kwenye kitambaa akasimama kwa mara yake ya kwanza.

Hofu haikuondoka kwa sababu ya kiti. Mwezi wa nane watu walipiga kura, na siku za kungoja matokeo mji ulinyamaza kabisa, maduka yamefungwa. Tryphosa alifunga zipu za yale mabegi matatu, tayari kuondoka, kama alivyofunga begi lake katika chaguzi zilizotangulia. Mara mbili kila siku alishika spana na kugusa zile bolti nne.

Jioni ya matokeo, kelele ilipasuka ghafla mtaa mzima. Tryphosa alimkumbatia mtoto akabaki pale pale sofani, akisikiliza, akijaribu kutambua ni kelele ya aina gani. Byron alitoka hadi kwenye ujia, akachungulia chini.

"Ni kushangilia," alisema. "Wanapiga tu honi na mavuvuzela."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia, Mama Brigid. Ni watu wanacheza."

Simu ikaita. Alikuwa baba yake, kutoka Kiminini.

"Mko salama?"

"Tuko salama."

"Mmekaa?"

"Tumekaa, Baba."

"Basi kaeni," mzee alisema, na hakukata simu. Tryphosa pia hakukata. Walisikilizana wakipumua, huku honi zikiendelea nje, hadi chaji ya simu ya mzee ikaisha.