Shemeji Alichukua Gari Nikiwa Edani

Mume wangu alipofariki nilikaa eda ghorofa ya tisa, Rexdale, huku Kanada, miezi minne na siku kumi kama inavyotakiwa. Siku ya kumi na mbili shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa chumbani. Mwanamke wa eda hatoki kukaa na mwanamume anayeweza kumwoa, na hilo shemeji alilijua vizuri. Nikamsikia anamwambia binti yangu:

"Mwanangu, nipe ufunguo wa gari la baba. Kaniusia mwenyewe hospitalini, nilichukue mimi."

Binti yangu kakulia huku huku. Kiswahili anakielewa, kukijibu ndiyo shughuli. Akasema, "Okei, anko," akautoa ufunguo msumarini akampa.

Marehemu siku zake tatu za mwisho hakuweza kutamka hata neno maji. Ulimi ulikuwa umekufa. Mimi ndiye niliyekaa pale kitini nikimlowanisha midomo kwa pamba. Kumbe shemeji yeye kausiwa! Nilikaa kitandani nikang'ata ncha ya kanga mpaka ikatoboka, na huko chini nikalisikia gari linawashwa, linanguruma, linaondoka.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la miaka ya sabini, milango miwili, rangi ya maini, mistari miwili myeupe juu ya boneti, silinda nane. Mume wangu alikuwa akibeba maboksi ghalani karibu na uwanja wa ndege. Siku za kazi alipanda basi la Kipling na mfuko wake wa chakula, kichwa chini kama wenziwe. Jumamosi alishuka kwenye maegesho na kitambaa, akalifuta kama mtu anayemwogesha mtoto. Theluji ikianza, analifunika turubai na kulitembelea kama mgonjwa.

Nilimuuliza siku moja, "Gari haliwezi kubeba hata gunia la mchele, linakunywa petroli kama lori, lina nini hasa?"

Akanijibu, "Wewe hujalishika usukani."

Na kweli sikuwahi kulishika. Nilimkatalia miaka yote kwa ukaidi tu.

Lakini kuna mambo mawili shemeji hakuyajua. La kwanza, kadi ya gari ilikuwa na jina langu, maana mume wangu alikuwa na makosa mengi ya mwendo kasi na watu wa bima walikuwa wakilikimbia jina lake. La pili, mimi darasa la nne nilitolewa shule, na nilipotoka baba alinipandisha kwenye pikapu yake ya nazi kule Tanga. Gia za mkono nilizijua kabla sijajua kupika wali ukachambuka. Shemeji alizihesabu siku zangu za eda vizuri sana, kadi hakuiuliza.

Wanawake waliokuja kunipa pole ndio walioniletea habari. Kila Ijumaa analipeleka msikitini, anafungua boneti, anawasomesha watu. Binti yangu akataka kupiga simu polisi. Nikamkataza.

"Polisi watanirudishia gari tu," nikamwambia. "Mimi nataka na uso wake."

Basi nikakaa. Nilimwombea marehemu kila swala, sikupunguza. Nikishamaliza, na tasbihi bado iko mkononi, nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mdogo wake. Nilipanga, nikapangua, nikapanga tena. Tasbihi ile ilisikia mengi.

Eda ikaisha wakati wa joto. Jumapili iliyofuata watu wetu wa pwani walikuwa na pikiniki kwenye bustani jirani na mtaa wa Flemingdon Park, anakokaa shemeji. Nikavaa gauni jipya, nikachukua kadi na ufunguo wa akiba, binti yangu akanipeleka. Wanaume saba walikuwa wamelizunguka gari, boneti iko wazi, shemeji anawasomesha, nyama inaungua kwenye jiko la mkaa hakuna anayeiangalia. Majina yao saba ninayo, na ya baba zao ninayo. Sitayaandika hapa, lakini wenyewe wakisoma watajijua.

"Ah, shemeji!" akasema. "Umetoka salama?"

"Salama. Nimekuja kuchukua gari langu."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Bi mkubwa, hili si lile la kufuatia maziwa dukani. Lina gia za mkono hili, litakuvunja goti!"

"Mwacheni," akadakia mwingine, "labda anataka kupigiwa picha."

"Funga boneti," nikamwambia shemeji.

Nikampa kadi mzee aliyekuwa amewazidi umri wote. Akavaa miwani akasoma kwa sauti, jina langu, la baba yangu, la babu yangu. Kicheko kikakatika. Shemeji akasema polepole, "Lakini kaka aliniusia," na mimi nikamwambia mbele yao, "Kaka yako alikuusia kwa ulimi upi?"

Akafunga boneti.

Nikaingia, nikawasha. Klachi ilikuwa nzito kama kusukuma kabati. Nikaiachia haraka, gari likaruka mara moja likazima. Wakacheka tena, wote saba, mmoja mpaka akajishika tumbo. Shemeji naye akacheka, na hicho kicheko chake mimi sijakisahau. Nikawasha mara ya pili. Safari hii likaenda.

Niliingia barabara kuu ya bondeni, mkono wa kushoto miti, mbele hakuna mtu. Nikakanyaga mafuta. Gari likanisukuma mgongo kwenye kiti kama mtu aliyekuwa akiningoja siku nyingi, na ule mngurumo ukapanda kwenye nyayo, ukapita magotini, ukakaa kifuani. Miezi minne nilikuwa sijatoka nje. Nikapiga kelele peke yangu humo ndani, sijui hata nilisema nini.

Hapo nikamwelewa mume wangu. Si mbio. Siku hizi hata gari la kupelekea watoto shule lina mbio. Ni kwamba lile linajibu. Magari ya sasa yanaamua yenyewe, yanafunga breki yenyewe, yanakupigia kengele ukisahau mkanda. Lile ukilikosea linazima mbele za watu, na ukilipatia unajua ni wewe. Mtu anayeamriwa siku tano ghalani, Jumamosi anataka kitu kimoja kinachomsikiliza yeye. Sina siku niliyojaza mafuta asitokee mzee wa Kizungu kuja kunieleza kuwa baba yake alikuwa na moja, na wengine macho yanawalenga machozi. Baadaye viwanda vikaanza kuyatengeneza upya kwa sura ile ile ya zamani. Vijana wenye hayo mapya, tukikutana taa nyekundu, hushusha kioo wananipungia.

Nililiendesha hivyo miaka kumi na ushei, joto kwa joto, na shemeji sikumwamkia.

Kisha akapata safari ya hija. Anayekwenda hija huomba radhi kwa aliowakosea, basi akaja kwangu na wazee wawili na sahani ya halua.

"Shemeji, niridhie."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote."

"Yote siyajui. Mimi najua moja, kumsingizia maiti. Ukaliseme kwenye dua yako ya kuagwa, mbele ya wale walionicheka."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema, "Mama, kuwa na huruma." Nikamwambia, "Baba, kula halua."

Siku ya dua ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Akashika kipaza sauti, akaanza kama wanavyoanza wote, niwieni radhi nyote niliowakosea. Akakishusha kipaza sauti. Nikadhani kamaliza, nikaanza kutafuta viatu. Ndipo akasema, "Kaka yangu hakuniusia gari. Nilidanganya. Nililitaka toka siku aliyolinunua. Nilijua mkewe hawezi kutoka kunizuia."

Wanawake wote wakanigeukia. Walingoja niseme nimemsamehe, na jirani yangu akanisukuma kwa kiwiko. Niliwaacha wangoje. Nikainywa kahawa yangu mpaka mwisho, tamu kuliko zote nilizokunywa Kanada. Kisha nikasema kwa sauti ya kuvuka pazia:

"La gari, nimekuridhia. La kumtia maiti maneno mdomoni, kamwombe mwenyewe. Mimi si wakili wake."

Nilipotoka alikuwa amesimama kando ya gari, mikono nyuma. Nikaingia, nikawasha, nikashusha kioo.

"Guza," nikamwambia.

Akaweka kiganja juu ya boneti, injini ikimtetemesha mpaka begani. Akafumba macho. Nilimhesabia moja mpaka kumi, sikumwongezea.

"Haya, toa mkono," nikasema, na nikatia gia.