Mkono wa Gari la Babu

Juzi, saluni mjini Embu, msichana alinifungulia chupa ya mafuta ya mbarika kichwani nikamshika mkono. "Yamekuchoma, mama?" Hayakunichoma, ni harufu tu. Yachanganye na ya parafini, utanikuta nyuma ya ghala la shosho, mama yake baba, karibu na Kiritiri, mtoto wa shule ya msingi.

Hapo nyuma ya ghala ndipo lilipokuwa gari la babu. Aliachiwa na mzungu ambaye babu alikuwa dereva wake, mkaguzi wa mashamba, alipokuwa anarudi kwao. Lilikufa baba angali anabebwa mgongoni, babu naye akalifuata, na tangu hapo waliolala ndani yake ni kuku.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Mbuzi wa jirani yetu, Mama Ireri, wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Siku moja aliingia garini kutafuta kuku wake, akatoka akipiga mayowe. Chini ya kiti alikuwa amekuta ngozi ya mbuzi, na ndani ya ngozi kitu cha chuma, urefu wa kisu, chenye jicho la kioo rangi ya asali, kimepakwa mafuta ya mbarika yaliyogeuka meusi tititi. Mnajua wenyewe jinsi sisi Wambeere tunavyosifiwa uganga. Kabla githeri haijaiva, kijiji kizima kilikuwa uani kwetu, kikisema shosho ndiye anayewaroga mbuzi.

"Ni mkono wa gari," shosho akasema.

"Ati mkono!" Mama Ireri alicheka kicheko kibaya. "Tangu lini gari likawa na mikono?"

Wazee wakaamua: Jumamosi shosho aonyeshe huo mkono unafanya kazi gani, la sivyo ahame. Ahame aende wapi, na umri ule? Mwanamke aliyewapokea nusu yao walipokuwa wanazaliwa! Nilikasirika, na hata sasa nikisimulia ninakasirika.

Baba aliendesha lori la mchanga, kwa hiyo kazi ikawa yake. Alikiloweka kile chuma kwenye parafini, akakisugua kwa majivu mpaka kikaanza kung'aa. Kioo nilikisafisha mimi. "Ukikiangusha, Wanja, shosho yako amekwisha," akaniambia, nami nikaketi chini nikakipakata. Kisha tukalizunguka gari tukitafuta mahali pake. Kwenye nguzo ya mlango palikuwa na ufa mwembamba ambao nyigu walikuwa wameuziba kwa udongo. Niliuchokoa kwa sindano ya kushonea magunia, pole pole, hadi tukaona waya uliotafunwa na panya. Chuma kikaingia kana kwamba hakijawahi kutoka.

Mimi niliruka kwa furaha. Baba akafuta jasho. "Hata fimbo inaweza kuingia hapo," akasema.

Siku hizo shosho alimletea baba chakula palepale garini, naye kila mara alisema ameshiba. Sahani ilirudi jikoni ilivyokuja.

Jumamosi wakaja wote. Baba aliunga ule waya, akaunganisha betri ya lori, akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya! Nilimwomba Mungu kwa Kimbeere na kwa Kiswahili.

"Haya, tumeona," Mama Ireri akasema, na wazee wakaanza kuinuka.

Shosho akapita katikati yao, akaizaba nguzo ya mlango kofi, pa! Mkono ukachomoka, ukanyooka upande, jicho likiwaka rangi ya asali.

"Hivyo ndivyo mume wangu alivyowaambia watu kwamba anakata kona," akasema. "Na kila ukikwama aliupiga kofi. Niliuficha usije ukauzwa na vyuma vikuukuu. Mafuta ni ya kuzuia kutu."

Wazee wakacheka hadi wakakohoa. Mama Ireri alisema pole, akiangalia chini, akaenda zake.

Watu walipotawanyika, shosho alileta kibuyu cha uji. Kwetu, uji wa mgeni huonjwa kwanza na mwenye nyumba, mgeni aone haukutiwa kitu. Mtoto wako humwonjei. Utamwonjea vipi uliyemnyonyesha? Shosho alimimina, akanywa funda moja huku amemkazia baba macho, kisha akampa. Baba aliupokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Nilidhani analia kwa furaha, na kwamba shosho ana kiu.

Nilipopata watoto wangu ndipo akili ilipofunguka. Wiki ile nzima, pale kwenye majivu na parafini, baba mwenyewe alikuwa hajui kama mama yake ni mchawi. Shosho alilijua hilo tangu sahani ya kwanza iliporudi. Hakuwahi kumlaumu, hakulitaja hata siku moja. Lakini mpaka anakufa, kila alipompa mwanawe uji, alionja kwanza.