Jicho Moja la Muzee Damien

Watu wa Murara, mtaa wa Goma, walimjua Muzee Damien Habarurema kwa kidole chake. Fromaji, ile jibini ya mviringo inayoshuka kutoka milima ya Masisi, aliigonga kwa kidole cha kati kama mtu anayebisha mlango wa jirani, akaitegea sikio, kisha akatoa hukumu. "Hii ilitengenezwa na mutu mwenye haraka." Ama: "Hii peleka kwa harusi, hawatakusema vibaya." Alikuwa ametengeneza fromaji kule Masisi miaka thelathini, mpaka vita vikamshusha Goma na watu wake. Sasa aliuza za wengine mbele ya nyumba ya mbao, juu ya meza iliyosimamishwa kwenye mawe meusi ya volkano.

Kazi ile haikutaka macho sana, ndiyo maana hakuna aliyegundua mapema. Hakuna, isipokuwa Bénita.

Bénita alikuwa mke wa Rodrigue, mtoto wa muzee. Rodrigue ni fundi wa kujenga, na mwaka ule kazi ilikuwa imempeleka Bukavu, upande wa pili wa ziwa. Mama yake Rodrigue alifariki zamani. Basi nyumbani walibaki watatu tu: muzee, Bénita, na Fabiola wa miezi saba. Muzee na Bénita waliishi kwa heshima ya kwao milimani. Mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe wake, hamkazii macho, hamgusi. Hata maneno hawakupeana mkono kwa mkono. Yalipitia kwa mtoto.

"Fabiola," Bénita alisema, "ambia babu, chai iko tayari."

"Fabiola," muzee alijibu, "ambia mama yako babu amesikia. Na sukari leo iwe ya kuonekana."

Fabiola, ambaye hakuwa na hata jino moja, alipeleka habari zote bila kukosea.

Kwa kuwa hakuweza kumtazama muzee usoni, Bénita alimtazama mikono. Aliona inapapasa ukingo wa meza kabla ya kuweka kikombe. Aliona akimimina maziwa huku kidole kimezama ndani, kupima yamefika wapi. Siku moja aliona fromaji ambayo muzee ametoka kuisifu ina ukungu mweusi ubavuni, mpana kama kiganja. Bénita akaichukua kimya kimya kabla mteja hajafika, akaenda kuikwangua nyuma ya nyumba, na hakumwambia mtu.

Jicho la kushoto la muzee lilikufa tangu ujana wake, kwa pembe ya ng'ombe. La kulia, ambalo ndilo alilotembea nalo maisha yote, lilikuwa sasa na kitu cheupe katikati, kama maziwa yanayoanza kuganda. Mtoto wa jicho.

Jumapili moja baada ya misa wakatangaza kwamba waganga wa macho watakuja kwenye hospitali mjini, watapasua wenye mtoto wa jicho, wala hakuna atakayeombwa malipo. Njiani kurudi nyumbani, Bénita akamgeukia mtoto mgongoni.

"Fabiola, babu alisikia tangazo?"

"Ambia mama yako masikio ya babu haina shida. Shida ni macho."



Habari ikafika Kibati, nje ya mji, na dada yake muzee, Mukamugema, anayeishi kule, akashuka siku ya pili yake na kuku chini ya kwapa. Hata kuketi hakuketi.

"Damien, macho mbili Mungu alikupatia. Moja ulipatia ng'ombe. Hii ingine sasa unataka kupatia munganga? Utabakia na nini?"

"Sijasema ninataka."

"Mutu mwenye macho mbili anaweza kujaribisha moja. Weye uko na moja. Moja haijaribishwe!"

"Mukamugema, weka kuku chini, iko nanisemea kwa sikio."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko hakikukaa. Muzee akasema kwa sauti ya chini, "Unaona, dada, mimi niko naona moshi. Moshi tu. Lakini katika ile moshi najua mulango iko wapi, najua meza yangu iko wapi. Wakinikata, munganga akikohoa kidogo tu, basi. Ni giza mpaka kaburini."

Nyuma ya pazia Bénita alikuwa akinyonyesha. Maneno yote yalimfikia. Alichosema muzee kilikuwa kweli.

Rodrigue alipopigiwa simu alivuta pumzi mpaka wakasikia. "Papa, mimi siwezi kukuamulia jicho yako," akasema. "Kile utaamua, niko pamoja na weye."

Wiki ikapita. Siku ya kuwapima wagonjwa ilikuwa inakaribia, na muzee aliendelea kugonga fromaji zake.

Kisha ikaja mvua ya alasiri. Bénita alikuwa amemlaza Fabiola kwenye kiti kirefu cha muzee, amemfunika kitenge, akakimbia nje kuanua nguo. Muzee naye aliikimbia mvua kutoka mezani. Akaingia, akageuka, akajishusha kwenye kiti chake kama kila siku.

Ilitoka sauti ndogo, hata kilio haikuwa. Muzee aliruka kabla uzito wake haujafika wote. Bénita alipoingia na nguo mikononi alimkuta amesimama ukutani, viganja wazi, maji yakimtiririka kofiani. Fabiola alikuwa hana hata alama, anatafuta kunyonya tu. 

"Sikumuona," alisema muzee. Hakumwambia Fabiola amwambie mama yake. Alisema tu, kwa chumba. "Sikumuona kabisa."

Kwa siku tatu hakuingia ndani mchana. Akiletewa mtoto karibu alisogea mbali. Siku ya nne, asubuhi, alisimama mlangoni amevaa koti lake la kanisani.

"Fabiola, ambia mama yako tunaenda kule kwa banganga. Na asinijibu kitu, nisije nikageuza mawazo."

Bénita hakujibu kitu. Alifunga mtoto mgongoni, wakaenda.

Hospitalini watu walikuwa wengi. Muzee akawekwa kwenye benchi la ndani, na Bénita akatumwa kwenye meza ya kuandikisha. Pale alikaa enfirmiye mmoja, mama muuguzi wa upande wa Bukavu aitwaye Nsimire, mwenye kalamu mbili kwenye nywele.

"Jina ya mugonjwa?"

Bénita akageuka kutazama benchi la ndani. Kadi ya muzee ilikuwa ndani ya koti lake, huko ndani. Nyuma yake watu wanasukumana.

"Mama, jina?"

"Ni... ni papa ya Rodrigue."

Kalamu ikaandika, foleni ikasogea.

Wakangoja. Wagonjwa wakaitwa mmoja mmoja. Mara ikaitwa: "Rodrigue! Rodrigue iko wapi?" Muzee akainua kichwa.

"Fabiola, unasikia? Kuna kijana wa jina ya baba yako, naye macho imeshamwisha. Masikini. Bado mudogo!"

Wakaita tena, wakaita mara ya tatu. Muzee akasikitika. "Pengine anaogopa. Mimi namuelewa." Bénita naye alisikitika kwa ajili ya kijana yule. Alikuwa akimbembeleza mtoto na kuhesabu watu waliobaki.

Ikafika saa tisa, benchi likabaki na wao tu. Nsimire akatoka na daftari.

"Ninyi munangoja nani?"

"Tunangoja kuitwa," alisema muzee. "Mimi Habarurema Damien."

"Haumo humu." Akapitisha kidole kwenye karatasi, kikasimama. Akamtazama Bénita, aliyekuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Polepole uso wa Nsimire ukafunguka. "Ooo! Ninyi ni ba Masisi. Jina ya baba mukwe! Mama, sasa huyu muzee angetufia kwa meza, tungezika nani? Tungezika bwana yako, iko muzima?"

Muzee alicheka mpaka akajishika mbavu, na kwa kicheko hicho akapelekwa kupimwa. Alipewa nafasi ya mwisho ya kesho yake.

Upasuaji wenyewe haukuchukua hata muda wa kupika ugali. Muzee alisimulia baadaye kwamba walimchoma sindano ya ganzi, akaona mwanga unaoelea kama jua ndani ya maji, na juu ya kichwa chake munganga na msaidizi wake wakibishana nani anapika vizuri sambaza, vile visamaki vya ziwa. "Hapo nikatulia," alisema. "Mutu mwenye kuogopa kazi yake hawezi kusema habari ya samaki."

Asubuhi bandeji ikatoka. Munganga akainua mkono.

"Muzee, vidole ngapi?"

"Mbili. Na kucha moja ni chafu."

Chumba kizima kikacheka. Bénita aligeukia dirisha, akajifuta uso kwa kitenge cha mtoto.

Lakini kabla ya kuwaachia, munganga aliwakalisha. Asiiname. Asisugue. Asikae kwenye moshi wa makaa. Na dawa ya matone, mara sita kwa siku, bila kuruka hata moja. "Jicho likigeuka jekundu, mwanga ukapungua, mukuye mbio. Hii jicho haina ndugu."

Nani atamtilia matone? Munganga hakuuliza, na wao hawakusema. Mukamugema vidole vyake hutetemeka. Buhendwa, jirani, hutoka alfajiri na kurudi jioni. Wakiwa njiani muzee akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Fabiola, ambia mama yako hii dawa nitajitilia mwenyewe."

Siku ya kwanza Bénita alimsikia muzee nyuma ya pazia akijilaza, akishusha pumzi, akisema "Haya." Alishukuru. Siku ya pili aliona ukosi wa shati la muzee umelowa upande wa kulia. Siku ya tatu, akitandika, alikuta mto una alama ya maji, mviringo juu ya mviringo. Akaichukua chupa, akaitikisa mbele ya mlango. Imekwisha nusu. Dawa ilikuwa inatoka, ndiyo. Ilikuwa inaenda shingoni.

Na muzee alikuwa hatoi miwani myeusi aliyopewa hospitalini, hata ndani.

Bénita alisimama na ile chupa mkononi. Alimwona mama yake, alimwona bibi yake, wanawake wote waliomfundisha namna ya kupita mbele ya baba mkwe, macho chini, mikono imekusanywa. Hakuna aliyemfundisha kuhusu chupa. Akamlaza Fabiola kitandani, akatoka nje bila mtoto.

"Papa," alisema.

Muzee alishtuka, akageuza kichwa huku na huku akitafuta mtoto yuko wapi.

"Papa, toa miwani."

Mkono wa muzee ukapanda, ukaitoa. Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi usiku." Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu. "Nikitia, linajifunga. Nilifikiri kesho litazoea. Mwanga imepungua tena, Mama Fabiola. Sikutaka... Weye kunishika uso, ingekuwa haya kwako."

"Haya nitaibeba. Twende."

Hawakungoja. Motari akawabeba kwa pikipiki yake, muzee katikati, mtoto mgongoni kwa mama. Munganga aliangalia muda mrefu na taa yake, na Bénita alihesabu misumari ya ukuta mara tatu.

"Ni uvimbe wa ndani," akasema hatimaye. "Bado haijaoza. Mungekuya kesho kutwa ningesema maneno mengine. Sasa ni tone kila saa, siku mbili, mchana na usiku. Kisha tunapunguza. Nani atatia?"

"Mimi," alisema Bénita.

Basi alitia. Mara ya kwanza vidole vyake vilikuwa baridi, na muzee alikunja uso kabla hajaguswa. Alivuta kope la chini kwa kidole gumba, kama munganga alivyomwonyesha, akahesabu tone moja, akafunga jicho kwa upole na kusubiri. Ngozi ya shavu la muzee ilikuwa laini kuliko alivyofikiri. Wote wawili hawakupumua. Saa iliyofuata walipumua kidogo. Kufika usiku muzee alikuwa analala chali kabla hajaambiwa, na Bénita anasinzia amekaa, simu ikimwamsha kila saa kwa mlio wake. Akitia, akirudi kwa mtoto, akitia tena.

Wekundu ulipungua siku ya tatu. Wiki ya pili munganga aliwasha taa yake, akatazama, akamgonga muzee begani. "Hili jicho limebaki. Mushukuru huyu mama."

Asubuhi moja baada ya hapo, Bénita alikuja na chupa kama kawaida, akavuta kope. Muzee hakufunga jicho. Alikuwa akimtazama. Hawakuwahi kutazamana karibu hivyo kwenye mwanga wa mchana, na jicho lile, safi sasa, lilikwenda taratibu kutoka paji la uso wake mpaka mashavuni, likashuka kwenye mifupa ya shingo.

"Papa, fumba."

Akafumba. Tone likaingia. Muzee alipoinuka alipapasa simu yake mfukoni, akabonyeza, akangoja.

"Rodrigue? Ee, ninaona vizuri. Ninaona sana. Sikiliza. Nimeona muke wako... Hapana, hagonjwi. Amekonda. Chini ya macho imekuwa nyeusi, na mabega imetoka... Nani alikuambia iko muzuri? Yeye mwenyewe! Mimi pia miezi hii yote nilikuwa nasikia sauti tu, na sauti yake ni muzima kila siku. Usiniambie habari ya ukuta. Ukuta hautakimbia. Panda mashua ya kesho."

Bénita alitaka kusema hajachoka. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Muzee alikuwa amesogeza kigoda kwa mguu, mpaka miguuni pa Bénita.

"Ikaa," alisema.

Akaketi.