Bunduki Iliyotengenezwa kwa Ajili ya Mtu

Mama yangu alikubali sharti moja tu: ndege wakiumaliza mtama wake tena msimu ule, angefunga nyumba yake ya Chamwino na kuja kuishi kwangu mjini Dodoma. Wasipoumaliza, nisimtajie tena habari ya kuhama. Tulipatana hivyo tukiwa jikoni kwake, yeye anachambua mlenda, mimi nimeegemea mlango nikiwa na uhakika wa kushinda. Msimu uliotangulia kwelea kwelea walimwachia mabua. Na bega lake la kulia, lile lililozungusha kombeo miaka yote, lilikuwa limegoma. Mkono haukupanda kupita sikio.

Nilikuwa namtaka mjini, sifichi. Kila simu yake iliyoita saa za kazi ilinipandisha roho mdomoni kabla sijaipokea. Lakini nina kaka wawili wenye midomo, na nilijua mama akihama kwa kushindwa watasema nilimwacha apambane na ndege mikono mitupu ili nimpate. Basi nikaamua kumpa silaha. Nilitaka nishinde kwa haki, na baada ya hapo mtu asinisumbue.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba kuna mzee mmoja kule kijiji cha Zuzu, fundi mstaafu wa reli, anauza bunduki ya upepo aliyoitumia shambani, tena aliyoichezea mwenyewe kiufundi. Neno "aliyoichezea" ndilo lililonimaliza. Nafundisha fizikia, na tangu utoto nina ugonjwa wa kutaka kujua kitu kimefanywaje ndani. Nilifungua redio ya baba nikachapwa, nikafungua saa ya ukutani ya shangazi nikachapwa tena, na sikupona. Yule mwenzangu hakujua mzee alibadilisha nini. Alijua tu kwamba bunduki ile haifanani na nyingine.

Nilianzia kituo cha polisi kuuliza taratibu, maana ya upepo au ya baruti, bunduki ni bunduki. Askari wa mapokezi alinitazama kutoka ushungi hadi viatu.

"Mwalimu, wanafunzi wamekushinda?"

"Ndege ndio wamenishinda, afande."

Karatasi zilichukua muda wake, kama karatasi zote, na zilipokaa sawa nilikwenda Zuzu Jumamosi moja asubuhi.

Nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, si mbali na reli, amevaa baraghashia iliyofifia na anapiga msasa mpini wa jembe. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kazi, akaniuliza habari za mtama wa Chamwino kabla hajaniuliza habari zangu. Nilimpenda hapo hapo. Kisha akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na bunduki imefungwa kwenye khanga iliyokunjwa vizuri.

Niliipokea kwa hamu mpaka nikasahau adabu ya kukaa kwanza. Juu ya mtutu alikuwa amevisha bomba jembamba la chuma, likauzidi mdomo wake kwa shubiri nzima na zaidi. Mahali pa kitako cha kiwandani palikuwa na kitako cha mninga, kifupi kuliko kawaida, kimezungushiwa kipande cha godoro. Kwa wasioijua, bunduki ya aina hii haina baruti. Unaukunja mtutu wake chini kama mtu anayevunja muwa gotini, springi ndani inajibana, unaweka kidonge kidogo cha risasi, unaurudisha mtutu, unafyatua. Springi inasukuma upepo, upepo unasukuma kidonge. Niliukunja. Ulikubali kwa urahisi mno, nikajisifu moyoni kwamba bado nina nguvu.

Nilipoona ule urefu nikahitimisha yangu: mtutu mrefu, mwendo mkali. Mzee ameiongezea nguvu. Lakini nilitaka kulisikia kutoka kwake.

"Mzee wangu, umeifanya nini hasa?"

"Hiyo siyo ya dukani tena," akasema. "Hiyo imetengenezwa."

"Imetengenezwaje?"

Aliuangalia ule mpini wa jembe kama vile ndio uliouliza swali.

"Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenyewe hayupo sasa. Kama utaichukua, chukua, mwalimu. Ukiiacha pia sawa."

Nilichukua. Nilifikiri ni wivu wa fundi, maana mafundi wengi wa kwetu hawapendi kueleza kazi yao kwa mtu asiyeshika spana. Hata khanga nilimrudishia mimi mwenyewe, nikaifunga bunduki kwenye mfuko wa salfeti niliokuja nao. Aliipokea ile khanga akaikunja upya palepale.

Mchana ule ule nilikuwa Chamwino. Mama alitoka kuswali adhuhuri, akaketi kwenye mkeka, nikamfungulia mzigo. Aliitazama kwa macho ya kupenda kabisa, akanyoosha mkono kukishika kitako. Na mimi, kwa ujinga wangu wa mtu aliyesoma, nikamsimulia neno kwa neno.

"Mzee amesema siyo ya kawaida. Imetengenezwa."

Mkono wa mama ulisimama hewani.

"Imetengenezwa?"

"Ndiyo. Kwa ajili ya mtu, lakini huyo mtu hayupo tena."

Aliurudisha mkono akauficha ndani ya khanga.

"Irudishe," akasema.

Mimi nimezoea kutengeneza saa, tenki la maji, kompyuta za shule. Mama ni Mrangi wa milima ya Kondoa aliyeolewa huku Ugogoni, na masikioni mwake kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu si kitu kilichopita kwa fundi; kimepita kwa mganga. Mtu huyo akiwa hayupo, basi kimefanya kazi. Hakuna mtu asiyejua maana hii ya neno. Hata mimi naijua. Niliposikia kwa fundi wa reli ilinipita tu, kwa sababu nilikuwa nikiwaza mtutu.

"Mama, huyo mzee ni fundi chuma. Ana alama ya sijida usoni."

"Wangapi wanayo? Sitaki mtama uliolindwa na dawa ya mtu. Bora ndege wale kwa halali yao."

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, kama baba yangu, na kitu kinachozichochea haraka ni mtu kukataa kuangalia. Nikaingia ndani nikachukua bisibisi, nikakaa juu ya mkeka mbele yake nikaanza kuifungua ile bunduki kipande kwa kipande, ili aone kwa macho yake kwamba hamna hirizi wala kikaratasi. Alisogea kando akajifanya anachambua choroko. Alikuwa anachungulia.

Nilitoa kitako. Nilitoa skrubu mbili. Nilipofika kwenye springi nilijiandaa kupambana, maana hizo springi huwa zinaruka kama chura zikakuvunja kidole. Hii haikuruka. Ilijitokeza polepole, na nilipoijaribu niliweza kuibana kwa viganja viwili. Nikaibana tena. Ilikuwa laini ajabu. Mbele ya pistoni palikuwa na washa ya ngozi nyeusi yenye mafuta.

"Na hiyo ngozi?" mama akauliza kwa mbali.

"Ya kuzuia upepo usivuje."

"Ngozi ya nini?"

"Ya ng'ombe, mama."

"Umeijuaje?"

Niliirudisha yote mahali pake, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimamisha kopo tupu la mafuta ya kupikia juu ya jiwe, nikapiga kutoka hatua kumi na tano. Ilitoa mlio mkavu, mkubwa kuliko nilivyotegemea, na kunguru waliokuwa kwenye paa la jirani wakatawanyika. Nikaenda kutazama kopo. Halikutoboka. Lilikuwa na kibonyeo ambacho hata kidole kingeweza kukifanya.

Basi nimepigwa, nikajisemea. Mzee wa watu ameniuzia bunduki mbovu.

Na hapo, nikiwa nimeshika kopo, nilifurahi. Silaha nimenunua, mashahidi wapo, silaha haifai, na mama mwenyewe ameikataa. Punje shambani zilikuwa za maziwa bado, na makundi ya kwanza ya kwelea yalikwisha onekana upande wa mbugani. Wiki tatu, labda nne, na chumba cha uani kwangu kingepata mwenyewe. Furaha ile iliniaibisha, lakini ilikuwepo.

Kilichonirudisha Zuzu si dhamiri. Ni ile springi. Sikulala vizuri wiki nzima nikiifikiria. Springi ikizeeka inachoka, lakini hii haikuwa imechoka; ilikuwa mpya, safi, imekatwa kwa jiwe la kunolea na ncha zake zimelainishwa kwa uangalifu. Mtu alikaa chini akaichagua iwe dhaifu. Fundi anayejua kurefusha mtutu namna ile, kwa nini aipunguzie bunduki nguvu kwa makusudi? Niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kama fumbo. Tulikuwa kwenye mada ya nyenzo, jinsi mpini mrefu unavyorahisisha kunyanyua kitu kizito. Msichana mmoja wa mbele akasema, "Labda lile bomba ni la kushikia, mwalimu."

Niliendelea kuandika ubaoni kwa sekunde kadhaa kabla sijaelewa alichosema. Miaka yote nimefundisha nyenzo, nikakunja ile nyenzo kwa mikono yangu, nikajisifia misuli.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mzee pale pale. Safari hii nilikaa kwanza.

"Mzee wangu, bomba ni la kushikia wakati wa kukunja. Springi umeilainisha. Umekusudia mtu asiye na nguvu aweze."

"Umechelewa kidogo, lakini umefika," akasema.

"Alikuwa nani?"

"Mke wangu."

Akanieleza bila haraka. Mkewe alikuwa na shamba la mtama na uwele, akiwaamia ndege na kuwafukuza mwenyewe, akikaa kwenye ulingo, ile dari ya miti tunayoijenga katikati ya shamba, kuanzia alfajiri. Mikono ilipoanza kumuuma akashindwa kombeo. Mzee akanunua bunduki; mkewe akashindwa kuikunja. Akaipeleka karakana akaanza kupunguza. Alipunguza, akampa ajaribu, akarudi akapunguza tena, mpaka siku mama yule alipoikunja kwa mkono mmoja akiwa ameketi. Kitako alikipimia begani kwake. Kuua ndege hakukuwa shida yao. Walitaka mlio.

"Kwelea wanaogopa mlio," akasema. "Na ndege aliyeruka hali."

"Sasa kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ningekwambia, ungeniuliza ilikuwaje akaiacha."

Nikamuuliza. Alikuwa amenifungulia mlango, na mimi sijui kuupita mlango uliofunguka bila kuingia.

"Watoto walisema mama amechoka, aje mjini apumzike," akasema. "Na mimi niliunga mkono. Tukamhamishia kwa kijana wetu, nyumba nzuri, ina kila kitu. Asubuhi anaamka alfajiri ileile, anakaa kibarazani, hana cha kufukuza. Alikaa masika moja." Akapuliza vumbi la msasa kwenye mpini. "Alipumzika kweli."

Sikumbuki nilimuagaje.

Mama nilimkuta shambani, amesimama chini ya ulingo wake akipiga debe kwa mkono wa kushoto. Upande wa mashariki wa shamba, masuke yalikuwa yamekwisha chomolewa punje. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. Nilimsaidia kupiga debe mpaka kundi likahamia mbali, tukaketi. Nikamweleza maana ya ile kutengenezwa: mke, mikono, karakana, kitako kilichopimwa begani. Alisikiliza akiwa anaichunguza bunduki iliyolala mapajani mwangu. Alipouliza kwa nini yule mwanamke aliacha, nilitaka kusema maradhi. Nikamwambia ukweli wote, mpaka lile neno la mwisho la mzee.

Kisha nikamwambia na la kwangu. "Mama, siku ile niliyopiga kopo nikaona halitoboki, nilifurahi."

"Najua," akasema. "Nilikuona kupitia dirisha."

Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Akaichukua bunduki, akakiweka kitako begani, bega lile lile bovu, kikakaa. Akalishika bomba kwa mkono wa kushoto akalivuta chini taratibu, uso umekunjamana, mpaka springi ikalia ndani. Akanyoosha kiganja nimpe kidonge.

Alifyatua kuelekea mbinguni. Kundi lililokuwa limeanza kushuka upande wa mbugani likainuka lote kwa pamoja.

"Shuka ulale nyumbani, una kazi kesho," akaniambia, ingawa mimi nilikuwa chini na yeye ndiye aliyekwisha anza kupanda ngazi ya ulingo. "Na ukipita Zuzu umpe yule baba pole yangu. Mwambie imepata mtu."