Siku Jitu la Rukwa Lilipoingia Kwenye Posa Yangu

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika kitenge usoni. Posa yangu mwenyewe, nyumbani kwa baba hapa Chapwa, wageni wametoka Ndalambo na suti zao, nikaivuruga kwa kidole kimoja.

Mnajua huwa narekodi hadithi za sauti za kikundi chetu cha wanawake wa sokoni (zile za mwanamke anayependwa na jitu la Ziwa Rukwa, lina magamba, lina mkia, na msinitazame hivyo, wote mnazisikiliza). Asubuhi nilipiga deki huku simu ikipiga muziki kwenye spika ya sebuleni. Sasa niko jikoni, chai inachemka, namsikia baba mdogo wa mchumba wangu Elia akipanga kwamba nikishaolewa nifunge duka langu la vitenge nihamie Ndalambo, na Elia anaitikia "ndiyo, baba." Nikasema ngoja nisikilize kipande nilichorekodi jana nitulie. Nikabonyeza simu, kimya. Nikaongeza sauti, kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, ndipo nikajisikia mwenyewe nikinguruma kwenye spika kule sebuleni: "Jitu likasimama mlangoni, likamwuliza, nikuguse, au nirudi ziwani?"

Mungu wangu! Nikakimbilia huko na mwiko mkononi. Mama kafumba macho, Elia anatazama viatu vyake.

Baba mdogo akainuka. "Tulikuja kuposa binti, si mke wa mashetani. Tuondoke!"

Na Elia nampenda, tusidanganyane. Lakini shangazi yake hakuinuka. Akaniuliza taratibu, "Binti, wanaume wamekwisha mpaka mtu apende jitu?"

Hapo ningeomba radhi yakaisha. Maneno yakaniponyoka: "Shangazi, jitu meno yake unayaona siku ya kwanza. Halafu linauliza. Mimi duka langu limefungwa leo hapa hapa, na hakuna aliyeniuliza."

Shangazi akanikazia macho mpaka nikatamani ardhi ipasuke. "Hata mimi sikuulizwa," akasema. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Kaka, kaa chini. Nataka kujua jitu liliingia au halikuingia."

Nikarudi jikoni mbio, chai yote imefurika. Siku hizi sibonyezi kitu kabla sijaizima ile spika, naapa. Elia akanifuata, Elia huyu ambaye kwetu hajawahi kupiga hodi, akasimama mlangoni. "Naomba kuingia."

Nikamwambia asubiri. Nilimwacha pale pale mpaka aliponiuliza habari ya duka.